Zamu ya Bani

Urambo, usiku wa tano wa kukausha.
Nyamizi amekalia gogo la mtundu,
kalichagua kwa kuwa linayumba:
akisinzia tu, linamwangusha.

Kipimajoto kinaning'inia ndani, gizani.
Hakitazami sana.
Anasikiliza bomba la bati linavyonguruma,
ananusa: ikiwa bado ni harufu ya asali, salama;
ikichacha, jani limeshaungua.

Mwaka jana Kashindye alifumba macho,
"dakika moja tu,"
bani likaenda, jani likaenda,
deni la mbolea likabaki peke yake.
Nyamizi hakumlaumu.
Moto nao hauna kinyongo,
ulipita tu palipokuwa wazi.

"Mama, unamvizia nani? Mbona mwizi hayupo?"
Ni Mihayo, katoka kwenda haja.
Anafikiri amjibu nini.
"Nalinda pasitokee kitu.
Na kisipotokea,
hakuna atakayejua kwamba nililinda."

Mtoto anapiga miayo, anarudi mkekani.
Jogoo wa jirani anakosea saa.
Nyamizi anasukuma kuni moja, nusu shubiri,
hazidishi,
kisha anakaa tena juu ya gogo
linaloyumba.