Taa ya Mafiati

Kumi na mbili kasoro. Ukungu wa Loleza
haujaamua kuondoka. Taa nyekundu,
nami nimesimama, mtiifu, injini ikikohoa.

Ambilikile, niliyemfundisha hesabu darasa la nne,
hakusimama.
Magunia mawili ya mkaa; breki yake
ni ndala ya kushoto ikikanyaga tairi la nyuma.
Kengele hana. Akapiga mluzi, akapita katikati yetu.

"Mshenzi!" akafoka dereva wa Fuso.
Trafiki akacheka, akipuliza viganja vyake.
Mimi nikatikisa kichwa,
kile kichwa cha watu wenye bima.

Nikamkuta Kabwe, anapangusa jasho jeusi.
Taa hukuiona?
"Niliiona tangu kule juu, mwalimu.
Yenyewe ndiyo haikuniona.
Na mzigo huu ndio unaoamua pa kusimama."

Nilinunua debe moja. Sikubishana,
ila njiani nilikuwa na majibu mengi mazuri.

Usiku narudi, taa ileile,
nyekundu, barabara tupu, manyunyu.
Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.
Gari langu lina breki mpya, nimezifunga juzi, risiti ninayo.

Nikapita.