Kidimbwi cha Mwanga

"Ziwa lote lile, na wewe unachimba?"
Gwasa aliegemea uzio, akacheka.
Sikumjibu. Jembe liligonga jiwe.

Turubai la kwanza lilivuja usiku:
asubuhi tope, na kandambili yangu moja.
La pili nikalitangulizia magunia ya mihogo,
nikajaza ndoo kwa ndoo, ishirini na tisa,
nikasubiri wiki nzima dawa ya bombani iishe.

Maji yakageuka kijani, mlenda mtupu.
Mke wangu akataja mbu. Akataja bili.

Nikatia yungiyungi moja,
kisha perege wanne, kila mmoja kama ukucha.

Jana Gwasa alikuja kuazima koleo.
Alichuchumaa pale hadi adhana ya magharibi,
akihesabu.
"Wa nne yuko wapi?"

Koleo akalisahau.