Kipimo

Kijana wa dukani, pale Nyawera, aliuliza:
"Mama, mutoto iko na miaka ngapi?"
Nikamjibu: arobaini na mitatu.
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaangalia vidole vyangu, matobo ya sindano,
kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Mimi Nabintu, fundi cherehani wa Kadutu.
Mchana nashona sare za shule,
usiku nataka kuendesha gari.
Gari sina, leseni sina,
na njia yetu ya Cimpunda mvua imeshaila nusu.
Lakini kwa binamu yangu Murhula, siku ya Mwaka Mpya,
nilishika usukani wa plastiki
nikakata kona moja kando ya bahari nisiyoijua,
na mwili mzima ukainama nayo.

Dola mia nne na ishirini:
zamu yangu ya likelemba, na juu yake
koti la bwana harusi aliyelipa
mtoto wake wa kwanza akiwa anatambaa.

Ciza, ndilo jina la kijana, akanionyesha ya kwanza:
ubavu wa kioo, feni nne zinazobadili rangi
kama taa za ukumbi.
"Hii, hakuna gemu inaishinda."
Dola mia tisa.
Nikaizunguka. Nikaigusa.
Nawajua wateja wa namna hii:
anakuja na kitambaa cha yadi mbili
na picha ya gauni la yadi sita,
tena anataka mkia uburuze chini.
Huwa namwambia kwa upole:
mama, tukate kwanza, au tulie kwanza?

Nikauliza: inakula umeme kiasi gani?
Wati mia sita na hamsini, akasema,
sauti imeshuka.
Kwetu waya mmoja unalisha nyumba tatu.
Mama Cibalonza akichomeka pasi
balbu yangu inakuwa rangi ya chai.
Saa mbili usiku Ruzizi inatugawia
kama mchuzi wa msibani, kila mtu kijiko.

Basi tukaanza kupima.
Taa za rangi, hapana.
Kadi ya picha, ya mitumba, ina miaka sita,
inatosha magari na lami,
haitoshi kila jani la kila mti.
Kumbukumbu giga kumi na sita, na hapo sikukubali kupunguza:
bitana ndiyo inayofanya koti likae.
Diski ndogo, yenye mbio. Itaingia gemu moja,
nami ni mtu wa gemu moja.
Skrini ipo, televisheni ya marehemu kaka,
kona moja ina doa, nimelizoea.

Nikamwambia afungue sanduku.
Vumbi kwenye feni, sawa. Lakini waya mwekundu
ulikuwa umefungwa kwa gundi ya karatasi.
"Huu mshono umewahi kufumuka," nikasema.
Akashusha thelathini.

Mia tatu na kumi.
Sitini zikaenda kwa stabilizata,
nzito kama jiwe la kusagia,
haina sura, haina taa, hakuna atakayeisifu.
Hata uzi hausifiwi.
Hamsini zikarudi kwenye leso, kifuani.
Usukani utangoja harusi za Agosti.

Saa saba usiku pasi zote za mtaa zimelala.
Nikawasha.
Miti ilikuwa kama imekatwa na mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza,
bahari haina povu,
mawingu yamesimama pale pale.
Barabara, lakini, ilinyooka bila kukwama,
bila kudunda,
kama mkasi ndani ya hariri.

Vidole kwenye vitufe.
Kona ikaja.
Chini ya meza mguu wangu wa kulia
ukakanyaga sakafu tupu,
ukatafuta pedeli, miaka ishirini na miwili ya pedeli,
na gari likaenda.