Pumzi na Waya

Kwa Asajile, hapa Mwanjelwa, hewa ndiyo dini.
Kwa Tweve, ng'ambo ya mtaro, ni umeme.
Zamani ilikuwa gereji moja, jeki moja, kibao kimoja;
siku hizi hata spana hawaazimani.
Nami nimesimama katikati, pesa za viazi zimo kwenye soksi,
naulizwa: mama Tusekile,
unafunga difu kwa pumzi au kwa waya?

Nianze na ugonjwa.
Difu isiyo na loki ina haki ya ajabu:
tairi linaloelea, linalozunguka bure na kurusha tope,
ndilo inalolipa nguvu zote.
Lile lililoshika jiwe, lililo tayari kusukuma,
linaachwa limekaa, kama mtoto asiyelia.
Naijua haki hiyo. Nimeilalia usiku kucha nyuma ya Kikondo,
magunia kumi na mawili mgongoni,
ukungu umeatamia boneti kama kuku,
nikisikiliza tairi moja likijisifu.

Asajile anaweka kompresa mezani,
saizi ya birika la chai ya watu wawili.
"Bonyeza."
Inanguruma, inanyamaza, kisha ndani ya chuma: tak.
"Hapo magurudumu mawili yamekuwa mtu mmoja.
Sasa achia."
Fsss, kama mwanamke aliyetua ndoo.
"Na pancha ikikukuta Igoma, hiyohiyo inakujazia tairi."
Habari ya sili hasemi. Namuuliza mwenyewe.
Anafuta mikono kwa muda mrefu kuliko grisi iliyopo.
Ndiyo, sili huchoka, mafuta yakapanda bomba la hewa.
Ndiyo, kisiki hukata bomba.
Ndiyo, mwezi wa saba Kitulo ikipiga barafu
unyevu huganda humo ndani,
na kompresa hupiga kelele bure,
mchumba aliyekataliwa mbele ya mlango.

Tweve hana kelele. Anavuta waya mmoja, mwekundu.
"Hewa hutoroka. Umeme upo au haupo."
Koili inageuka sumaku, sumaku inavuta, meno yanaumana, basi.
Hakuna bomba la kupasuka.
Lakini (na hili analisema akitazama mtaro)
haiingii ukiwa umekaa tu unalia;
inataka gurudumu lisogee nusu hatua.
Na kutoka, kuna siku inagoma:
swichi umezima, taa imezima,
meno bado yameng'ang'aniana
mpaka urudi nyuma kidogo ndipo yaachane.
"Kama wewe na Asajile," nikasema.
Hakucheka. Alikaza skrubu iliyokwisha kukaza.

Mdogo wangu Lusekelo alisahau kufungua.
Alitoka topeni, akaingia lami ya Uyole na loki yake,
akakata kona. Kwenye lami kila gurudumu lina safari yake,
la nje refu, la ndani fupi, na ukilazimisha mwendo mmoja
kuna kitu kitavunjika. Ilivunjika ekseli.
Tangu hapo simuulizi fundi inafungaje.
Namuuliza inaachiaje.

Nikaamua: nyuma hewa, mbele umeme.
Walinitazama kama niliyetukana mama zao.

Siku mbili gari moja lilikuwa na miguu minne ikichungulia chini,
miwili kila upande, haisemezani.
Mchana wa pili Tweve alifika kwenye betri,
akakuta waya wa kompresa umetangulia pale.
"Kumbe na pumzi yako inakunywa betri," aliiambia betri.
Kimya.
Kisha kutoka uvunguni, bila jina la mtu:
"Namba kumi na nne."
Spana ikateleza juu ya sakafu ya mafuta, ikagota kwenye kiatu.
Hakuna aliyesema asante.

Nilipewa risiti mbili, za vitabu viwili.
Soksi ilibaki na mia tano na harufu ya mguu.
Keshokutwa napanda Kikondo.
Wanasema kumenyesha tangu Jumapili.