Lebo

Katika kabati la maabara, rafu ya chini,
kati ya pweza aliyejikunja na figo ya mbuzi,
kuna chupa ya kahawa niliyoiosha mwenyewe
mwaka ule mtambo wa barafu ulipokufa Langoni.
Ndani yake, nyoka. Juu yake, mwandiko wangu:
*HONGO. Wa mtini. Ana sumu.*
Nukta tatu, kana kwamba nilikuwa na hakika.

Miaka kumi na tisa wasichana wamemchora
kwa penseli, wakapata alama zao, wakaolewa.
Hadi Jumanne, Batuli akabandika uso kiooni:
"Mwalimu, mbona hongo huyu ana pua nne?"

Nikamtoa kwa koleo. Darasa likaziba pumzi.
Ujani wake ulishayeyuka, manjano yote yamenywewa na spiriti,
amebaki buluu, rangi ambayo hakuivaa akiwa hai.
Basi rangi nikaikataa ushahidi. Nikaanza na magamba.

Hongo kichwa chake chembamba, chaenda mbele kama kalamu,
kimeezekwa vigae vikubwa; mboni yake duara.
Huyu kichwa ni kabari, shingo imebanwa,
utosini vigamba vidogo vidogo, mtama uliomwagwa,
na mboni imesimama wima, ufa wa mlango.
Baina ya jicho na pua, huku na huku, kishimo.
Ncha ya sindano iliingia, nikahisi haya
kama niliyechungulia nyumba ya watu.
Kishimo cha kuonea joto:
kwake yeye panya wa gizani ni kaa linalotembea.

Safu za katikati ya mwili: ishirini na moja.
Nikarudia. Ishirini na moja.
Hongo kwa kawaida huwa na kumi na tisa,
ila hesabu peke yake haimfungi mtu.
Hesabu na kishimo, ndiyo.

Na bara letu zima, toka ncha hadi ncha,
halina nyoka wa kishimo hata mmoja.

Nikaketi.

Maana nilimkumbuka fundi Famau
na mzigo wa msaji ulioshushwa gatini,
mbao zilizofungwa kamba ngeni, zina ukungu wa misitu ya mbali.
Alikata kamba ya tatu. Akaumwa kidole cha shahada.
Mkono ukavimba hadi kwapani, ukawa kama bilingani,
fizi zikatoka damu siku mbili,
na kwa kuwa hongo hufunga pumzi, wala hachuruzishi damu,
watu wakasema fundi kajikata kwa patasi, aona aibu.

"Si hongo," alinambia, chupa ikiwa mikononi mwangu.
"Kitwa chake kipana. Ana tundu mbele ya ito."
Nami nilikuwa na kalamu, na cheti kutoka Mombasa,
nikaandika nilichokijua.

Mji nao ukaandika chake, barazani, kwa mizani kamili:

*Famau kaona hongo, hongo akaota pua,*
*kisha kapandisha shingo, matundu akafungua,*
*fundi achonga uongo, kama mlango wa mua.*

Nilicheka. Na iandikwe hiyo pia.

Kidole kilipona kikiwa kimepinda, ndoana.
Akachonga nacho miaka kumi na miwili,
maua yake yote ya baadaye yameinama kidogo kushoto,
ukipita Mkomani utayaona.
Amezikwa mwaka wa juzi. Sikumwambia kitu; sikuwa na kitu.

Tuna fira, tuna swila, bafe, koboko, chatu,
ukukwi asiye na neno na mtu.
Kila mmoja ana jina kwa kuwa ana makao.
Huyu lugha yetu haikumngojea.

Nimebandua lebo ya kwanza kwa maji moto.
Ya pili nimeiandika polepole, Batuli akishika taa:

*Nyoka wa kishimo. Hukaa mitini. Ana sumu.*
*Si wa huku; alikuja na msaji.*
*Spishi: bado.*
*Aliyemtambua: Famau Athmani, fundi wa milango,*
*kwa kidole.*