Haba Isiyo Nusu

Jumanne asubuhi, kichochoro cha Langoni,
nimebeba sanduku la mawe ya shaba: kilo, nusu, robo, gramu hamsini,
kila jiwe limelala kwenye mahameli yake
kama kipuli cha bibi harusi.
Mimi ni mkaguzi wa vipimo. Lamu nzima hakuna anifurahiaye.

Duka la Bi Somoe Famau lina mlango mmoja na nusu,
gunia la mchele, pakacha la ukwaju,
na mizani ya sahani mbili aliyoachiwa na mamake.
Naweka kilo yangu huku, kilo yake kule.
Mkono unainamia kwangu.
Gramu ishirini. Chumvi ya hewa imelila jiwe lake
taratibu, bila kelele, miaka arobaini,
na wateja wameilipa kutu hiyo bila kujua.

“Si mimi,” asema.
Najua. Hata hivyo nafungua kopo la rangi nyekundu.

“Na lako limepimwa kwa lipi?”
Kwa la Mombasa.
“Na la Mombasa?”
Kwa la Nairobi.
“Na la Nairobi? Ndoo, keti, usinijibu umesimama.”

Nikaketi juu ya debe.
Zamani, nikamwambia, ngazi hii iliishia Ufaransa,
kwenye donge la madini ghali, kimo cha kidole gumba,
kioo juu ya kioo, kabati la funguo tatu.
Siku walipolitoa kulilinganisha na ndugu zake wa tumbo moja
wakakuta wamepishana, chembe tu, uzito wa alama ya kidole,
na hapakuwa na wa kuapa
kama ni lenyewe lililokonda
au ni wenziwe walionenepa.

Alicheka mpaka leso ikamteremka.
“Na hilo mulilipaka nyekundu?”

Tulilistaafisha, Bi. Mwaka elfu mbili kumi na tisa.
Siku hizi kilo haitoki katika jiwe, yatoka katika nambari:
nukta, kisha sifuri thelathini na tatu,
kisha sita, sita, mbili, sita, sifuri, saba, sifuri, moja, tano.
Basi. Haina mkia.
Wana mizani ya sumaku na umeme:
upande mmoja wabeba mzigo, wa pili wabeba nambari.

“Nambari ya nini?”

Nikatafuta neno. Nikaona mkono wake umezama mcheleni.
Haba na haba hujaza kibaba, sivyo?
Wahenga walitupa kibaba, hawakutwambia haba ni kiasi gani.
Ikate nusu. Na nusu yake. Na nusu ya nusu.
Kuna pahali kisu kinakataa.
Mwanga huu unaoshuka baina ya kuta mbili
ukagonga sahani yako
haumiminiki kama mafuta. Wauzwa rejareja,
punje kwa punje, na bei ya punje
ni nambari ile mara wepesi wa mtetemo wake:
ya buluu ghali, ya nyekundu rahisi,
nusu punje hakuna, mkopo hakuna,
wala dunia haina peremende za kurudishia chenji.

Akautazama mwanga kwa mato ya mtu
asiyemwamini muuzaji.
“Na huko kwao ni hiyo hiyo?”
Kwao, hapa, Shela, kwenye nyota.
“Na chumvi yetu haiili?”
Haiili.

Akaliokota jiwe lake, akaligeuzageuza kiganjani,
unga wa kutu ukampaka rangi ya hina.
“Maskini,” akasema,
na mpaka leo sijui alilihurumia jiwe
au nambari, isiyozeeka na mtu.

Nikalichukua jiwe. Nikaandika risiti.
Nikanunua robo ya ukwaju, kwa robo yangu mwenyewe,
na mkono wa mizani ukasimama wima, haki tupu.
Kisha, bila kuniangalia,
akachota kwa vidole vitatu akaongeza juu.

Nikafungua daftari la serikali.
Safu ya upungufu: gramu ishirini.
Safu ya nyongeza
hawakuichapisha.