Jezi Kumi na Sita

Mvua imeanza saa nne usiku, haikubisha hodi.
Nimezianua jezi kumi na sita kambani, mbiombio,
nikazitandaza kila palipo na nafasi:
mgongo wa kiti, chaga za kitanda, usukani wa baiskeli ya mteja
aliyeniachia tangu Jumanne nimzibie pancha.
Umeme umekatika. Feni imenyamaza.
Kesho saa kumi, Mkwakwani, fainali.

Mimi Shekue, fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Moja,
mwaka wa ishirini na mbili huu nawafulia Nyota ya Makorora,
bila ujira, kwa sabuni yangu ya mche,
na hakuna bao lao hata moja nililoliona kwa macho.

Usicheke.
Mara tatu niliingia, mara tatu tukafungwa.
Ya tatu ilikuwa nusu fainali, dakika ya themanini na tisa:
mpira ukampita Mbwana tobo, taratibu,
kama mgeni anayejua njia ya msalani.
Watu wote walimtazama kipa. Mimi nilijitazama.
Tangu hapo nasimama nje, mgongo ukutani,
kando ya muuza machungwa,
nausikiliza mchezo kama jirani anavyosikiliza ugomvi wa nyumba ya pili:
sauti inapanda, sijui nani kapigwa.

Usiku, karai likijaa, ndipo naangalia mechi yangu.
Naisoma kwenye madoa.
Tope la ubavuni: Semboja aliteleza kuokoa.
Chokaa kiwikoni: ilikuwa kona, tena ya kugombewa.
Damu kidogo kwenye kola ya namba tano,
mtoto wa Mntambo huyo; aliponikabidhi alisema kagongwa na mlango.
Ya Kidee, winga wa kushoto, hurudi safi kama ilivyoondoka.
Namchukia wiki nzima, kisha namsamehe,
maana mama yake ndiye aliyeniazima pampu
nilipokuwa sina hata ya kujazia upepo.

Leo Mwanakombo kaniletea tiketi.
Jukwaa kuu, kiti kina namba.
Hela ya vitumbua, najua, ya siku nyingi.
"Ukifa hujaiona timu," kasema,
"nitawaambia watu ulikuwa shabiki wa nini? Wa sabuni?"
Kageukia ukutani, kalala.
Tiketi nimeiweka chini ya kopo la gundi.
Kila nikipita naikwepa kama mtu ninayemdaiwa.

Nikiingia tukafungwa,
Makorora nzima italala njaa kwa sababu ya makalio yangu kwenye kiti.
Nisipoingia tukashinda,
nitaifua furaha ya wenzangu kesho usiku, nikiisuuza maji mawili.
Ni ujinga, najua. Mpira haujui jina langu.
Lakini penzi lisilo na ujinga hata kidogo
hilo ni daftari la duka.

Saa tisa. Mvua imeacha, mabati bado yanadondoka.
Kumi na tano zimekauka.
Imebaki tisa, ya Sechonge, nzito kwapani.
Pasi ya mkaa naiogopa, namba isije ikayeyuka.
Basi nimevua fulana yangu, nimeivaa.

Ubaridi wake umenipiga kifuani kama maji ya kisima.
Inanibana tumboni; Sechonge ana miaka kumi na tisa.
Nimekaa wima ukingoni mwa kitanda, sisogei,
mzee mmoja mwenye namba tisa mgongoni,
namsikia mwenye moyo wangu akikimbia pasi na mpira,
anaotea, anarudi, anakimbia tena,
na hakuna wa kumpa pasi gizani humu.

Mwanakombo kafumbua jicho moja, kaniona, kalifumba.
Hakusema kitu. Nadhani alicheka.

Adhana ya Msambweni inaingia dirishani.
Mgongoni jezi imeshika vuguvugu.
Bado kola.
Bado tiketi, palepale, chini ya kopo.